Nani Alifungua Tangi

Maabara ya Leza, Chuoni
4 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Naandika haraka haraka, kwa hiyo mwandiko ukiwa wa kuku usinicheke. Juzi nimeitwa mwongo. Si uchochoroni, wala si na mlevi. Ni ndani ya maabara niliyoifagia kwa mikono yangu, mbele ya mtahini aliyesafiri kutoka mbali, na aliyeniita ni Profesa wangu mwenyewe.

Unajua kwamba mwaka jana wote Profesa alikuwa ng'ambo kwa utafiti wake, na leza nilikuwa naipima peke yangu. Vipimo vilipokamilika nikajifungia kuandika tasnifu. Juzi mtahini akaomba aone kwa macho yake kile kilima changu cha kwenye grafu. Nikawasha mashine. Shangazi, ilitoa radi tupu! Paa, paa, pigo moja dhaifu, linalofuata halipo kabisa, la tatu bovu kuliko la kwanza. Nilitamani sakafu ipasuke nitumbukie.

Leo nikapelekwa kwa mwanasheria wa chuo, mama mmoja mpole ambaye nadhani hata balbu huwa anabadilishiwa. Akaniuliza, "Lakini binti, kosa lenyewe ni nini?" Nikamweleza kama ulivyonieleza wewe zamani jikoni kwako. Kwamba gesi imelala ndani ya tangi, kati ya vyuma viwili virefu. Ukiipiga umeme mkubwa ghafla, umeme unachagua njia moja nyembamba na kupita hapohapo, inakuwa radi. Gesi iliyobaki haina habari, na leza haitoki. Kwa hiyo kwanza unaiamsha. Pini zilizopangwa pembeni zinatoa cheche ndogondogo, na katika cheche zile kuna mionzi isiyoonekana kwa macho, urujuanimno, inayong'oa elektroni kila mahali ndani ya gesi. Ndipo umeme mkubwa unapoingia na kukuta milango yote iko wazi. Unatandaa sawasawa, na leza inapiga kwa nguvu ileile kila mara.

Nikamwambia tasnifu yangu yote ni juu ya kile kitambo kidogo kati ya cheche na umeme mkubwa. Ukiziwahisha mno cheche, elektroni zinakuwa zimeshapotea. Ukizichelewesha, hazijaenea. Katikati ndipo nguvu ya leza inapanda, na ukichora grafu unapata kilima.

Akaniuliza, "Sasa kilima kiko wapi?"

Profesa anasema nilikichora mezani kwa penseli. Kamati ya nidhamu inakaa mwishoni mwa Machi. Wakiniona nina hatia shahada imekwenda, na hakuna chuo kitakachonifungulia mlango tena. Nimefanya kosa gani mimi, Shangazi, zaidi ya kufanya kazi?

Kidomo wako


12 Februari

Kidomo mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikasahau kukaa.

Eti umechora! Wewe ambaye ulipokuwa mdogo ukichora ng'ombe watu waliuliza kama ni meza! Ningepiga simu nimtukane huyo Profesa kwa sauti ya kutosha, lakini masikio yangu niliyaacha kwenye maabara zetu za zamani. Swichi ya umeme ililipuka kama bunduki kutwa nzima, na sisi tulijiona mashujaa kwa kutoziba masikio. Ushujaa huo sasa naula. Watu wakinisemesha nasikia kengele tu. Kwa hiyo tutaandikiana, na kwa kweli ni afadhali, maana maneno niliyonayo hayafai kutamkwa.

Lakini nikupe kazi kabla sijaendelea kufoka. Mashine haibadiliki bila kubadilishwa. Kama mwaka jana ilikuwa na kilima na leo haina, basi kuna jambo limetokea kati ya siku hizo. Je, gesi ni ya mtungi uleule? Kapasita za kuhifadhi umeme hazijavimba? Pini zote zinawaka, au kuna zilizokufa? Badilisha kile kitambo kidogo kidogo kama ulivyofanya zamani, hata kama mapigo ni mabovu, kisha nitumie grafu.

Na uniambie kila kilichobadilika, hata kama unakiona ni upuuzi. Kila kitu. Hatukukuita Kidomo bure. Ulikuwa huwezi kuficha hata zawadi ya mtu mpaka siku yake ifike.

Kula. Mwenye njaa hashindi kesi.

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Asante kwa kufoka kwa niaba yangu. Nimecheka kwa mara ya kwanza wiki hizi.

Grafu hii hapa. Iangalie uone nilivyo na mkosi. Nimewahisha cheche, nimechelewesha, nimerudia, na mstari umelala kama mkeka. Ukiwahi, leza dhaifu. Ukichelewa, dhaifu vilevile. Gesi ni ya mtungi uleule, kapasita nimezipima ziko salama. Pini zote zinawaka, tena zinawaka vizuri, unaziona kwenye tundu la kuchungulia zimepangana safi kabisa. Hata madirisha inapotokea leza hayana doa. Zamani nilikuwa nikiyafuta kila wiki mpaka vidole vikachubuka kwa dawa, lakini tangu likizo ya mwisho wa mwaka sijayagusa.

Hakuna kilichobadilika.

Profesa akipishana nami ukumbini ananipita kama kiti. Wanafunzi wenzangu wamegundua ghafla kwamba wana shughuli nyingi. Aliyebaki ni mchumba wangu tu, yule fundi wa vioo wa karakana yetu, uliyemwona kwenye picha ukasema ana meno mazuri. Ananiletea chai, anakaa nami, anasema yatapita. Angalau katika jengo hili lote kuna mtu mmoja anayejua kwamba mimi si mwongo.

Kidomo wako


1 Machi

Kwa Profesa,

Mimi ni shangazi yake yule mwanafunzi unayetaka kumwangamiza. Nilijenga leza za gesi kabla wewe hujaota ndevu, kwa hiyo tafadhali usinijibu kwa maneno makubwa.

Nimeiona grafu ya sasa. Mstari ule hausemi kwamba mtu alidanganya zamani. Unasema kwamba leo hii gesi haiamshwi kabisa. Kama kuwahisha na kuchelewesha cheche ni mamoja, basi cheche hazina habari na gesi, na gesi haina habari na cheche. Lakini pini zinawaka! Na madirisha ni safi! Cheche hula chuma, Profesa, na chuma kikiliwa huwa vumbi, na vumbi hilo hukaa madirishani. Madirisha safi maana yake kuna kitu kimelizuia vumbi. Kilicholizuia vumbi ndicho kilichoizuia mionzi.

Kuna kitu kimewekwa mbele ya zile pini. Nani amekiweka? Funguo za maabara unazo. Ulirudi kutoka ng'ambo ukakuta msichana amemaliza peke yake kazi ambayo jina lako halikutangulia, na wiki chache baadaye mashine ikaharibika mbele ya mtahini. Mimi ni kiziwi, sio kipofu.

Kitoe ulichokiweka. Usipokitoa, nitakuja kwenye hiyo kamati mwenyewe, na nina sauti kubwa kwa sababu siisikii.

Mhandisi mstaafu


9 Machi

Kwa Mhandisi,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya pili ilikuwa kuhakikisha kwamba kweli imeandikwa na mtu ambaye michoro yake nilijifunzia ujana wangu. Sijawahi kutukanwa hivi, na nimefundisha muda mrefu.

Hoja yako kuhusu vumbi ni nzuri. Nakiri haikunijia. Lakini ngoja nikwambie usichoambiwa.

Kila bolti ya tangi lile hupakwa rangi nyekundu ikishafungwa. Hakuna anayelifungua bila saini yangu, kwa sababu gesi zake zina sumu na umeme wake unaua. Mwanao anaijua sheria hii kuliko mtu yeyote. Niliporudi nilikuta rangi mpya juu ya ya zamani, na wekundu wake si uleule. Nikamwita ofisini, nikafunga mlango nisimwaibishe, nikamwuliza: nani alifungua tangi? Akasema hakuna. Nikampa wiki afikiri, nikamwuliza tena. Hakuna. Siku ya mtahini, mashine iliposhindwa, nikamwuliza mara ya tatu. Akanitazama machoni akasema halijaguswa na mtu.

Ungekuwa wewe, Mhandisi, ungefanyaje? Mtu anayenidanganya kuhusu bolti, kwa nini nimwamini kuhusu grafu? Nilimpenda mwanafunzi yule. Nilimwachia maabara yangu nzima. Hasira yako ni ya barua moja, yangu nimelala nayo tangu Januari.

Kamati imeagiza tangi lisifunguliwe hadi kikao, kwa hiyo siwezi kutoa kitu, wala kuweka. Muulize mwanao. Sisi watu wazima tunatukanana, na mwenye jibu amekaa kimya.

Profesa


13 Machi

Kidomo,

Leo sina salamu.

Nilimwandikia Profesa wako. Sikukwambia kwa sababu nilijua ungenizuia. Nilimwita mwenye wivu na mhujumu, na sasa amenijibu kwa adabu, ambayo inauma kuliko angenitukana. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi katika uzee huu nimejikwaa ulimi hadi meno yakang'oka, na aliyeniwekea jiwe njiani ni wewe.

"Hakuna kilichobadilika." Uliniandikia hivyo! Mimi hapa nakesha na mstari wako, nachora, nafuta, nawatuhumu watu, kumbe bolti zimepakwa rangi mpya na wewe unajua. Umemdanganya mwalimu wako mara tatu, ya nne ukanidanganya mimi. Mficha uchi hazai, na wewe umeufichia uchi wako hata mkunga.

Swali ni lilelile aliloliuliza yeye. Nani alifungua tangi, na aliweka nini ndani? Usinijibu kwa chozi. Nijibu kwa jibu.

Shangazi yako, kwa leo kwa damu tu


18 Machi

Shikamoo Shangazi,

Ni yeye. Mchumba wangu.

Ilikuwa ile likizo niliyokuja nyumbani kumuuguza Baba. Alikuwa ameviona vidole vyangu vilivyochubuka, na alikuwa amenisikia nikilalamika juu ya vumbi la pini. Basi nilipoondoka akafungua tangi, akatengeneza mifereji miwili mirefu ya kioo, akazifunika pini ili vumbi libaki humo. Akafunga, akapaka rangi. Niliporudi alinishika mkono hadi kwenye tundu la kuchungulia, akawasha cheche, akasema, "Hufuti tena kitu." Nililia, Shangazi. Hakuna mtu aliyewahi kunitengenezea kitu ambacho sikukiomba.

Usidhani nimesahau shule yako. Najua kioo cha kawaida kinaizuia mionzi ile. Lakini kila alichonitengenezea tangu niingie maabara hii kilikuwa cha kwazi, kioo maalumu kinachoipitisha. Kazi za leza hawazifanyi kwa kingine. Ni mazoea tu, sikuuliza, kama usivyouliza kama chumvi ni chumvi. Grafu ilipolala ndipo nikamwuliza. Akasema, "Kwazi, mpenzi. Ungetaka nini kingine?" Kwa hiyo nikaamini ubovu uko mahali pengine, na nilipokuandikia kwamba hakuna kilichobadilika nilikuwa nimejishawishi kwamba si uongo.

Kuhusu Profesa sina cha kujitetea. Kufungua tangi bila saini ni kufukuzwa, kila mtu anajua, na mkataba wake unahuishwa Aprili. Anamtunza mama yake. Ningesema neno moja angeondoka siku hiyohiyo, kwa kosa la kunionea huruma! Wewe ungeweza?

Lakini mambo yatanyooka. Kamati imemwita kama shahidi wa karakana, na ameniapia kwamba ataeleza mwenyewe, kwa namna yake. Kikao ni tarehe 27. Tafadhali usimwandikie mtu mwingine. Na usimwite majina. Ana moyo mzuri.

Kidomo


22 Machi

Kidomo,

Nimemwomba Profesa radhi. Barua ile ilinichukua muda kuliko leza yangu ya kwanza.

Hasira zangu juu yako hazijaisha, ila zimepanga foleni nyuma ya nyingine. Huruma haifungui bolti halafu ikapaka rangi. Anayekuonea huruma hakuachi usimame peke yako tangu Januari, huku anakuletea chai.

Sasa sikiliza. Kwazi hata ingekula sehemu ya mionzi, isingekiua kilima chote. Kingepungua, kingebaki kijilima. Wewe una mkeka. Siku tangi likifunguliwa, usitazame kioo usoni, usoni vyote vinafanana. Kitazame ukingoni. Kwazi ukingo wake ni mweupe kama maji. Kioo cha dirisha ukingo wake ni wa kijani.

Na usimsubiri. Mtu aliyeapa kusema kesho angeweza kusema leo. Simama wewe, kwa mdomo wako uliokupa jina.

Bado nakupenda, nimekasirika tu.

Shangazi yako


30 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini u mzima. Hunifahamu vizuri, lakini mimi nakuhesabu kama mzazi wangu, ndiyo maana nimethubutu. Ni mimi mchumba wa Kidomo, fundi wa vioo.

Najua utakuwa umeambiwa mengi. Niseme tu kwamba kikao kimeisha salama. Kilima chake kimeonekana, shahada yake ipo, na mimi nimepewa onyo tu. Profesa mwenyewe alisema ningemwomba saini angenipa. Kwa hiyo hakuna aliyefukuzwa. Basi nini tena?

Kweli, kioo kilikuwa cha dirisha. Kwazi ilikuwa imekwisha stoo na nilitaka kumfurahisha kabla hajarudi. Mimi niliona mwanga unapita, nikajua unapita. Mambo ya mwanga usioonekana mnayajua ninyi. Aliponiuliza baadaye nikaona aibu, nikasema kwazi, maana alikuwa na mawazo mengi na sikutaka kumwongezea. Na yale niliyosema mwanzoni mwa kikao, Shangazi, mtu akibanwa husema lolote. Ungeiona ile meza yao ungenielewa.

Juzi nilimwambia tupange tarehe ya harusi tuyasahau haya. Badala ya kufurahi akaniuliza swali moja, nikachelewa kidogo kulijibu. Ndiyo kosa langu lote hilo! Tangu hapo hanifungulii mlango. Wewe anakusikiliza. Nakuomba umwambie apunguze hasira, maana binadamu hatukamiliki, na mambo mazuri huharibika kwa kuchimbwa sana.

Kijana wako


1 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia asubuhi ya kikao, nikaisomea kwenye ngazi za jengo. Nilikukasirikia kwa ulichokisema juu yake. Nikaikunja nikaingia.

Kamati walikaa upande mmoja wa meza ndefu, mimi upande wa pili peke yangu. Yeye alikaa mwisho, kavaa shati nililomnunulia. Mwanasheria akamwuliza, "Karakana yenu iliwahi kufungua tangi hili?" Akasema hapana. Nikajiambia anajipanga, atafika. Mwanasheria akamwuliza, "Je, kuna mtu mwingine angeweza kulifungua?" Akanigeukia, Shangazi. Akanitazama mimi, akasema, "Funguo anazo yeye."

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka nimesimama. Nikasema, "Tangi lilifunguliwa mwezi wa Desemba na huyu hapa, mchumba wangu. Nilijua, na nimemdanganya Profesa mara tatu ili kumlinda. Namba zangu ni za kweli. Twendeni mkaone, halafu mnifukuze kwa uongo nilioufanya, si kwa ule ambao sikuufanya." Nilikuwa napiga kelele. Mtu mmoja wa kamati alisogeza gilasi yake ya maji.

Wakaja wote. Tukaitoa gesi kwa utaratibu wake, nikafungua bolti mwenyewe. Mifereji ile ni kazi nzuri, siwezi kukataa. Profesa akachukua mmoja, akausogeza dirishani, wala hakunitazama. Ukingo ulikuwa wa kijani kama chupa. Nikamgeukia fundi nikamwambia, "Kwazi, mpenzi?" Akaangalia viatu vyake.

Tulifunga tukajaza gesi safi. Kazi hiyo haina haraka. Wengine wakaenda kunywa chai, mwanasheria akavuta kiti akakaa. Kisha nikawasha. Hakukuwa na radi hata moja. Mwanga wa zambarau ulitandaa kati ya vyuma kutoka mwanzo hadi mwisho, na kipimo kikarudia namba ileile, na ileile, na ileile. Nikasogeza kitambo mbele, nguvu ikashuka. Nikarudisha katikati, ikapanda. Mwanasheria alikuwa akichora vitone kwenye karatasi yake, na akavitazama akasema, "Kumbe kilima chenyewe ndicho hiki?" Nikalia mbele ya watu, na sikuona haya.

Profesa alizima kipimo. Kisha akasema, "Namba zako ni za kweli. Wewe hukuwa mkweli. Nitaandika yote mawili." Na ameandika. Shahada ipo, lakini kwenye jalada langu kuna onyo, na kila kipimo nitakirudia yeye akiwa amesimama pembeni. Nilijiona nimeonewa mpaka nilipofika chumbani, nikajiona nimestahili. Mtu niliyempa kila sababu ya kuniita mwongo, nilimchukia miezi yote hii kwa kuniita mwongo.

Kilichoniua ni kitu kingine. Profesa alimwuliza fundi kwa nini hakuomba ruhusa. Akasema aliogopa kufukuzwa. Profesa akashangaa kweli. "Kwa kuzuia vumbi? Ningesaini siku hiyohiyo. Ningekuuliza tu ni kioo gani." Hiyo tu, Shangazi! Tumejificha kwa ajili ya hatari ambayo haikuwapo, na kwa ajili yake mimi nilikuwa nizikwe mzima.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda karakana. Nilikuwa bado sijaamua, nakuapia. Nilimkuta anayeyusha neli ya kioo, amechangamka, akaniambia, "Unaona? Yamekwisha yote. Sasa tupange tarehe." Kama vile tumetoka mvuani pamoja! Nikamwambia nitapanga naye chochote akinijibu jambo moja. "Kama nisingesimama jana, wakanifukuza, ungesema lini?"

Akapunguza moto wa taa yake, akaiweka neli chini polepole isivunjike. Akakuna kidevu. Alikuwa anafikiri, Shangazi. Swali lile, la kujibiwa na mtu hata kabla halijaisha, yeye analifikiria! Nilisubiri. Nilimpa muda kuliko kamati ilivyonipa mimi.

Nilivua pete nikaiweka kwenye benchi lake, nikafunga mlango taratibu. Alikuwa bado anatafuta tarehe.

Kidomo